Tumbusi Hakumnyakua Mtoto

Na Mama Neema

Jumamosi, katika saluni moja mjini Moshi, simu yenye kioo kilichopasuka pembeni ilipita mkono kwa mkono. Tai anashuka kwenye bustani, anamshika mtoto mgongoni, anapaa naye kidogo, kisha anamwachia. Msusi aliacha rasta katikati, akashika kifua. Mteja mmoja akaapa kwamba ndege huyo anaishi juu Kilimanjaro, wafugaji wanamjua, na dawa yake ni moja tu: sumu kwenye mzoga.

Mama Neema akapandwa na hasira, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba akifika hapo hanyamazi.

Video ile ilitengenezwa kwa kompyuta na wanafunzi wa Montreal, Kanada, Desemba 2012. Chuo chao kilikiri hadharani mwaka huohuo. Alipoulizwa ni mtoto wa nani aliyewahi kubebwa na ndege, mteja yule alisema amesikia. Amesikia! Na kwa kusikia huko kiumbe kilishwe sumu?

Ndege wa Kilimanjaro anayesingiziwa ni tumbusi mwenye ndevu, mkazi wa milima mirefu kuanzia Ulaya na Asia hadi Ethiopia na Lesotho. Kwetu Afrika Mashariki amebaki kwa nadra. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 2.5 au zaidi, lakini uzito wake haufiki kilo 8. Mtoto gani atabebwa na huyo? Chakula chake kikuu ni mifupa. Wengine wakishamaliza nyama, yeye huupandisha mfupa angani, akauachia upasuke juu ya mwamba, kisha akashuka kumeza vipande, na tindikali ya tumbo lake huviyeyusha. Ule wekundu wa kifuani, ambao waoga huuita damu, ni udongo wenye chuma anaojipaka mwenyewe.

Kwenye milima ya Alps walimzushia hayohayo, ya kondoo na watoto. Walilipana zawadi kwa kila aliyeuawa, na mwanzoni mwa karne ya 20 akatoweka kabisa. Mwaka 1986 wakaanza kuachia makinda waliofugwa, huko Austria. Kinda wa kwanza kuzaliwa porini alipatikana Ufaransa mwaka 1997. Miaka 11 ya kazi na fedha, kwa sababu ya porojo.

Huku kwetu sumu, mara nyingi dawa ya wadudu, hulengewa fisi na simba wanaoshambulia mifugo. Tumbusi hufuata mzoga na kufa kwa wingi. Huyu wa ndevu hutaga yai moja au mawili, akakuza kinda mmoja tu, na kinda huyo hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Basi mwenye duka la pembejeo anayemuuzia dawa ya wadudu mtu asiye na hata tuta la mchicha, bila kumuuliza anaipeleka wapi, anyang'anywe leseni wiki hii.