Fundi wa Makongeni, usikwame kwa mageti

Ukipita Makongeni hapa Thika, utawaona vijana wakiunda mageti na madirisha kwa rodi na mashine ya stima. Siidharau njia hiyo. Inavumilia upepo wa nje, hata kutu kidogo, na rodi hazikosi dukani.

Lakini wewe unayeanza, ukijua hiyo pekee utang'ang'ania wateja wa mageti na nusu ya mtaa. Kuna MIG, ambayo mashine yenyewe hulisha waya huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka. Ni ya haraka, inafaa bodi za magari, ila upepo ukipeperusha gesi kiungo kinajaa vitundu. Halafu kuna TIG. Hii ni ya polepole na inataka mkono mtulivu: mmoja unashika ncha ya tungsteni, mwingine unalisha waya. Ndiyo huunga alumini na stenlesi kwa usafi.

Sasa fikiria. Del Monte iko papa hapa Thika, Brookside iko Ruiru. Juisi na maziwa hupita kwenye mabomba ya stenlesi, na kiungo chenye ufa humo hufuga bakteria. Kazi hiyo haipewi mtu wa rodi tu.

Mashine ni ghali, najua. Basi fanya mtihani wa NITA, anza gredi ya tatu, kisha omba nafasi kwa fundi mwenye TIG hata kama malipo ni kidogo. Na hiyo miwani ya jua unayochomelea nayo, vua leo. Tafuta kofia yenye kioo namba 10 au 11, la sivyo usiku utalala macho yakiwasha kama yametiwa mchanga.