Nani Aanze? Funzo la Omweso

Omweso wa Waganda, ndugu wa bao la pwani, huonekana kuwa mchezo wa watu walio sawa. Ubao una mashimo 32. Kila mchezaji humiliki mashimo 16 na kete 32. Kete zote hufanana. Hata hivyo, wachezaji hawa wawili hawako sawa, na tofauti yao huanza kabla ya kete kusogezwa.

Mchezaji wa kwanza huzipanga kete zake apendavyo, mwenzake akimtazama. Wa pili hupanga baadaye, akiwa ameshauona mpango wote. Kisha wa kwanza hufungua mchezo. Mmoja ana faida ya kutangulia; mwingine ana faida ya kujua.

Wapo wasemao kwamba haki ni kila mtu kupewa kitu kile kile. Sikubaliani nao. Nafasi za mchezo huu haziwezi kufanana, kwa kuwa ni lazima mmoja aanze. Kwa maoni yangu, haki hutaka mambo mawili: kanuni zijulikane na wote kabla ya kupanga, na wachezaji wapokezane nafasi katika michezo inayofuata. Akianza yule yule kila siku, mwenzake hatakuwa mshindani tena, bali msindikizaji.

Ndivyo ilivyo katika utawala. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mabadiliko hayo hayo yaliondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais. Jambo la kwanza tunalifundisha darasani. La pili tunawaachia wanasiasa. Mimi naona yafaa yasomwe pamoja: tulipewa lugha ya kuulizia, na papo hapo tukaondolewa kanuni ya zamu.

Waliotetea hatua hiyo walisema kwamba mpigakura ndiye mwamuzi. Ni kweli, lakini mwamuzi huyo huja wakati kete zimekwisha kupangwa, na aliyekaa madarakani muda mrefu ndiye mpangaji. Kwa hiyo zamu na irudishwe, awe nani anayetawala. Nasi tunaojifunza Kiswahili hapa Kampala, tukitumie kuuliza bila matusi wala woga swali la wachezaji: safari hii, nani aanze?