Dawa Kali, Sheria Kali

Katika malango mengi ya majumba ya Nyali pameandikwa maneno mawili ambayo hata mtoto wa chekechea huyafahamu: "Mbwa Mkali." Hapo kivumishi hiki kimekaa mahali pake, kwani mbwa hafugwi langoni ila atishe. Neno lenyewe lina kazi nyingi. Kisu huwa kikali, jua huwa kali, embe bichi huwa kali, na siku hizi vijana huuita wimbo mkali wakimaanisha kwamba umewapendeza. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni pale tunapolitumia kwa dawa na kwa sheria, tukadhani ukali ndio ubora wenyewe.

Simama nusu saa katika duka la dawa huku Kongowea, nawe utamsikia mteja akisema, "Daktari, nipe iliyo kali." Hajapimwa wala hana cheti. Huenda ni mafua tu yanayomsumbua, na mafua hayatibiwi na antibayotiki, iwe kali namna gani. Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244, inataka dawa za namna hiyo zitolewe kwa cheti cha daktari. Hata hivyo huuzwa, tena vidonge viwili vitatu kwa kadiri ya uzito wa mfuko. Vijidudu dhaifu hufa, vilivyo vigumu huweza kubaki vikazaana. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alilionya jambo hili Desemba 1945 mjini Stockholm, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel.

Wala tusisahau klorokwini. Ilikuwa chungu kupindukia na iliwawasha wengi mwili mzima. Nani angesema si kali? Mwaka 1998 Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea.

Na sheria je? Kila litokeapo janga, wakubwa huahidi sheria kali, nasi tukapiga makofi. Februari 2004 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alizibana matatu: mikanda kwa kila abiria, idadi isiyozidi viti, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Nchi ilistaajabu kuona kwamba inawezekana. Kisha ulegevu ukaingia, abiria wakarudi kusimama kwa kuinama, na Novemba 2018 serikali ikalazimika kutangaza msako ili itekeleze kanuni zile zile. Maandishi yake hayakuwa yamepungua ukali hata chembe. Kilichokatika ni dozi, na utingo, kama kimelea, alikwisha kujifunza kuishi nayo.

Kiswahili hakijakosa maneno. Tunayo "dawa ifaayo", tunayo "sheria madhubuti", na yote mawili humlazimisha msemaji aeleze inafaa kwa nini na itadumu vipi. Kwa hiyo naiomba Bodi ya Famasi na Sumu ianze na jambo dogo. Karatasi zinazokunjwa ndani ya visanduku vya dawa mara nyingi huwa za Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Iamuru kila kisanduku kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ugonjwa unaotibiwa na siku za kuimeza dawa hiyo.