Gari la Kubebea Simenti na Mchanga

Askari anayejenga nyumba kijijini kwao nchini Uganda, akikusudia kukodi gari na kuliendesha mwenyewe, na aanze kwa hesabu ya uzito, si kwa bei. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Mifuko 20 ni tani nzima, na pikapu ya tani moja imekwisha kushiba. Mchanga ndio udanganyao macho: mita moja ya ujazo hufikia tani moja na nusu, na ukilowa huzidi. Pikapu ikijazwa mchanga hadi ukingoni, springi huvunjika, breki hushindwa mteremkoni, na gharama humwangukia aliyekodi. Kabla ya kutia sahihi atazame magurudumu, likiwamo la akiba. Nondo zinazochomoza nyuma zifungwe kitambaa chekundu. Watoto, hata wakilia, wasipandishwe juu ya mzigo.