Ziwa Hurudi Kwake

Ukifika Kyela au Matema, pengine utaona ubao wenye tarakimu umesimama majini. Usikubali watoto waufungie mtumbwi. Ubao huo ni kipimo cha ziwa.

Kazi ya mtaalamu wa ufuko haina maajabu. Kimo cha maji husomwa kila siku na kuandikwa daftarini. Kadhalika yeye hupima kutoka nguzo ya saruji iliyo nchi kavu mpaka ukingo wa maji, kisha hulinganisha na picha zilizopigwa zamani kutoka ndegeni, na za setilaiti za siku hizi.

Faida yake nini? Sikilizeni. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Shire, huko Malawi. Yapata mwaka 1915 ziwa lilipungua sana, mchanga na matete yakauziba mto. Kwa miaka kama 20 maji hayakutoka, na ziwa likapanda kama mita 6. Mwaka 1980 lilipanda kupita hapo.

Basi, aliyejenga ufukoni ziwa lilipopungua alijiona yuko salama. Wanawe walikuja kuyakuta maji mlangoni. Kumbukumbu ya mtu ni fupi, bali daftari halisahau.

Kwa hiyo, kabla hujajenga au kupanda mpunga karibu na maji, waulize wazee, tena uliza Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Na nguzo ya vipimo msiing'oe.