Mashine ya Kunyoosha Sauti

Msomaji, ikiwa una umri wa miaka kumi na sita na simu i mkononi mwako, yamkini umekwisha kujirekodi ukiimba, ukajisikiliza, ukaona haya. Haya hiyo naijua. Kila mtu asikiapo sauti yake kutoka nje huiona ngeni, kwa kuwa amezoea kuisikia kwa ndani, ikipita katika mifupa ya kichwa chake. Leo nina ugomvi na chombo kimoja kinachojipatia riziki kwa haya hiyo. Nakitaja mapema nisije nikadhaniwa nagombana na vyombo vyote: ni ile programu ya kompyuta inyooshayo sauti ya mwimbaji.

Studio za nyumbani nazipenda. Mzee Joseph Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Kangema, si mbali na hapa petu Kiriaini, alikuwa mtu wa zama ambazo mwimbaji wa vilima hivi hakuwa na njia ila kupanda gari kwenda Nairobi, kumtafuta mwenye mitambo, kukubali masharti yake, kisha kurudi nyumbani kungoja santuri. Leo kijana wa Kiriaini hukodi chumba nyuma ya duka, akaweka kompyuta, maikrofoni, kisanduku cha kuingizia sauti katika kompyuta na kinanda kidogo cha umeme, akaanza kazi. Hugongomea trei za mayai ukutani akiamini kuwa zitazuia kelele za sokoni. Hazizuii, mablanketi mazito yangalimfaa zaidi kwa kupunguza mwangwi, na ya kelele za soko angalingoja usiku. Lakini hayo ni makosa ya mtu anayejifunza, nami simlaumu.

Ninayoilaumu ni hii mashine nyingine. Ilitoka mwaka 1997 katika kampuni ya Antares ya Marekani, kwa jina la Auto-Tune, nayo ni kazi ya Andy Hildebrand, mtaalamu ambaye hapo kabla alikuwa akipima mitetemo ya ardhi katika kutafuta mafuta. Hufanya hivi: huipima sauti ya mwimbaji, ikajua imetetemeka mara ngapi kwa nukta moja, huitazama ngazi ya sauti uliyoichagua, ambayo kwa kawaida ni ile ya piano yenye hatua 12, kisha huisukuma sauti ya mwimbaji mpaka ikae juu ya hatua iliyo karibu. Ukiiamuru isukume polepole, msikilizaji wa kawaida hatambui. Ukiiamuru isukume papo hapo, sauti huwa kama ya roboti, na hivyo ndivyo dunia ilivyoisikia mwaka 1998 katika wimbo wa Cher uitwao "Believe". Kwa kweli huo wa roboti haunikeri. Avaaye kinyago ngomani hamdanganyi mtu. Unaonikera ni ule wa siri, wa kila siku, unaowekwa kwa kila mwimbaji kabla hata hajafungua kinywa, kama kwamba kuzaliwa na koo lako mwenyewe ni ugonjwa.

Nawe ujiulize: hiyo ngazi ya hatua 12 ni ya nani? Nyimbo nyingi za kale za Wakikuyu hutembea juu ya sauti tano, na sauti hizo hazikupimwa kwa piano. Wandindi, ile fidla yetu ya uzi mmoja, haina hatua. Kidole huteleza juu ya uzi, na utamu wote umo katika kule kuteleza. Tena lugha yenyewe ya Kikuyu ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, sawa na irabu zake, ingawa maandishi yetu ya kila siku hayaonyeshi; sikio ndilo linalojua. Aghalabu mtunzi mzuri huuacha wimbo upande pale neno linapopanda na ushuke pale linaposhuka. Sasa unampa kazi hiyo mtumishi asiyejua neno hata moja la lugha yako, unamwambia ainyooshe sauti mahali anapoona imepinda. Atajuaje kuwa pale palipopinda ndipo palipo na maana?

Kamaru aliimba "Ndari ya Mwarimu", wimbo uliowasema walimu waliokuwa wakiwataka wanafunzi wao wa kike, na walimu wakakasirika sana. Mimi ni mwalimu, na sioni aibu kusema kwamba walistahili kukasirishwa. Walikasirika kwa sababu kila neno lilisikika, na lilisikika kwa sauti ya mtu, yenye kejeli na mchomo wake.

Utaniambia: mwalimu, wateja ndio wanaotaka, wimbo usionyooshwa huonekana wa kishamba. Ni kweli wanautaka. Lakini waliufundishwa, na baadhi ya waliowafundisha ni sisi. Katika chuo cha ualimu nilifunzwa kuongoza kwaya kwa piano, na nilipokuja shuleni niliwapeleka watoto kwenye Tamasha la Muziki nikiwa nimekwisha kuzisafisha nyimbo za bibi zao kwa ufunguo mmoja na hatua zilizo sawa. Tulipata alama nzuri. Kijana niliyemfundisha hivyo ndiye leo mwenye studio hapa mjini.

Na hapo ndipo lilipo jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka michache iliyopita nilimpeleka kwake mama mmoja mzee, aliyechuma majani ya chai maisha yake yote, ambaye alizijua nyimbo nyingi za gitiro, zile wanazojibizana wanawake arusini. Aliimba mara moja tu, akiwa amesimama, akakataa kiti. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, tuinyooshe kidogo?" Nami nikasema, "Inyooshe." Neno hilo nililisema mimi, hakulisema yeye. Tulipomsikilizisha yule mama, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Kijana akacheka, akasema, "Ni wewe, cucu." Akatikisa kichwa, akajifunga kitambaa chake, akaenda zake.

Kompyuta ilikuwa imejaa, na kijana akaifuta sauti ya asili ili apate nafasi. Nimefanya hesabu tangu siku ile. Sauti moja hupimwa mara 44,100 kwa kila nukta, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Wimbo wa dakika 3 hauzidi megabaiti 16. Picha chache za simu hujaza zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata yule mama alifariki. Mazikoni jamaa zake wakaupiga ule wimbo kwa kipaza sauti, na wanawake wa rika lake, waliojua mahali pa kujibu, wakaanza kujibu, wakakosea, wakaanza tena, wakanyamaza. Ile pindo ndogo ya sauti iliyokuwa ikiwaita waingie haikuwapo. Tuliinyoosha.

Usidhani kuwa nakuambia uvunje mashine. Mjukuu wa Kamaru, aitwaye Joseph Kamaru kama babu yake na ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mwanamuziki wa mitambo ya umeme. Albamu yake "Peel" ya mwaka 2020 imesikilizwa mbali na hapa. Yeye huchukua kinasa sauti, akaenda nacho nje, akanasa sauti za mahali jinsi zilivyo, kisha akazitumia katika muziki wake. Tena amezitoa upya rekodi za babu yake, aliyefariki mwaka 2018, zipatikane katika intaneti. Huyo ana programu nyingi kuliko sisi sote wa Kiriaini, na hakuna zilichomharibia, kwa kuwa husikiliza kwanza.

Basi ukiingia studio Jumamosi, au ukifunga mlango wa chumba chako na simu yako, rekodi kwanza, usiguse kitu. Hifadhi nakala hiyo mahali pawili. Andika juu yake jina la mwimbaji, kijiji chake na tarehe. Ikiwa ni sauti ya mzee, muulize pia nani huitikia, na kwa maneno gani, nawe uyaandike. Baada ya hapo nyoosha ukitaka, lakini unyooshe nakala nyingine, na mwimbaji awe ameketi kando yako akisikia.