Utafiti wa Udongo Uzungumze Kiswahili

Semina za utafiti wa sayansi ya ardhi katika vyuo vikuu vya Kenya huendeshwa aghalabu kwa Kiingereza, tangu mada inapotangazwa hadi swali la mwisho linapojibiwa. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba wanafunzi wa Kiswahili huiona kuwa shughuli ya jirani. Hata hivyo, yaliyofanyika katika bonde la mto Sondu, unaokusanya maji ya nyanda za chai za Kericho na Bomet na kuyapeleka Ziwa Victoria, yanadhihirisha kwamba shughuli hiyo ni yao pia.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ambao wapimaji wake walikuwa wananchi wenyewe. Milingoti 13 yenye alama za kupimia kina cha maji ilisimikwa mitoni pamoja na mabango ya maelezo. Mpita njia alisoma alama na kutuma tarakimu kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika mwaka wa kwanza, watu 124 walituma vipimo sahihi 1,175. Vilipolinganishwa na vya mtambo unaojiendesha, vilithibitika kuwa vya kuaminika.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mwingine kuhusu miteremko ya Mau. Huu ulibainisha kwamba, baada ya msitu kufyekwa, ardhi ya kilimo ndiyo chanzo kikuu cha mashapo yanayochafua vijito.

Tofauti ya tafiti hizi mbili ni funzo kwa wanalugha. Katika ule wa kwanza mkulima aliipa sayansi tarakimu, na tarakimu haihitaji mfasiri. Katika ule wa pili sayansi ina neno la kumwambia mkulima: kwamba udongo wa juu, ambao ndio uhai wa mahindi na viazi vyake, unateremka mtoni kila mvua inyeshapo. Neno kama hilo halitumwi kwa tarakimu. Linahitaji lugha, tena lugha ya kumshawishi mtu abadilishe namna anavyolima mteremko wake.

Wapo watakaohoji: kwa nini Kiswahili, ilhali wenyeji wengi wa huko huzungumza Kikipsigis? Hoja hiyo ina uzito, na hapana anayedai kwamba Kikipsigis kiondolewe barazani. Lakini mashamba ya chai yamewakusanya Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Fauka ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, si lugha ya taifa pekee.

Wengine watasema istilahi hazitoshi. Ikumbukwe kuwa TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Upungufu uliopo hauwezi kuzibwa na kamusi zinazokaa rafuni. Utazibwa na matumizi. Mtaalamu husema mashapo, mkulima husema tope. Kuamua ni wapi neno moja litoshe na ni wapi yote mawili yahitajike ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, naye hawezi kuifanya bila kuketi katika semina na kuielewa sayansi yenyewe.

Kwa hiyo, kila semina ya sayansi ya ardhi na ipewe mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, ashirikiane na mtoa mada kuandaa muhtasari wa ukurasa mmoja. Mhadhiri wa sayansi aukague kwa usahihi, wa Kiswahili kwa lugha, na kazi hiyo itunukiwe alama kama insha nyingine yoyote. Kisha usomwe barazani na katika vituo vya kukusanyia majani chai.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watafiti wamekuja, wamepima, wameandika. Mwenyeji atapona vipi ikiwa dawa imeandikwa kwa lugha asiyoisoma?